Chasisi ikioza, usikubali kupigiwa kiraka juu ya kutu

Leo siasa tunaziweka pembeni kidogo, zenyewe hazikimbii. Nataka tuongelee kutu. Ndiyo, kutu, ile nyekundu inayokula mabati. Manake kuna jambo limeikuta familia yetu, na nikikaa kimya kesho litamkuta mwingine ambaye pengine hatakuwa na bahati kama yetu.

Mjomba wangu ana Hilux ya mwaka 1996, ile ya milango minne yenye injini ya dizeli ya 3L. Gari hilo limesomesha nusu ya ukoo, mimi nikiwemo. Kila alfajiri linatoka Bagamoyo na samaki kuja Dar, mchana linarudi na mzigo wowote utakaopatikana. Mwaka jana likaanza kulia "kwiiii" kila linapovuka tuta. Mjomba akabadilisha bushi, sauti ipo. Akakaza springi, sauti ipo. Halafu mlango mmoja wa nyuma ukawa mgumu kufunga. Mdogo wangu ndiye aliyegundua kwamba ule mwanya kati ya kebini na kasha la mzigo umebadilika: juu umebana karibu mabati yagusane, chini umeachia. Yaani gari lilikuwa linakunjika katikati kama daftari, sisi tunahangaika na bushi!

Kijana mmoja wa gereji ya jirani akaingia chini na tochi, akatoka anacheka. "Mjomba, ufa mdogo tu huu." Akachukua kipande cha chuma kinene, kama milimita 6 hivi, akakibandika pembeni ya chasisi, akachomelea pande zote nne, akapaka rangi nyeusi. Saa mbili kazi imekwisha, pesa kachukua. Miezi mitatu baadaye, asubuhi na mapema, chasisi ikakatika. Na haikukatika kwenye kiraka, bali sentimita moja pembeni yake! Propela ikashuka barabarani, paipu ya breki ikakatika, na nyuma juu ya matenga ya samaki walikuwa wamekaa wapakiaji wawili na mdogo wangu. Mungu saidia walikuwa wamepunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Mpakiaji mmoja alivunjika mfupa wa bega, wengine michubuko. Lingekuwa kwenye mwendo wa kasi, leo ningekuwa naandika tangazo la msiba.

Baada ya hapo nikawa kama nimepandwa na shetani wa kutu. Nimekaa wiki kadhaa kijiweni kwa mzee mmoja mchomeleaji, ambaye zamani alikuwa akishughulika na mabati ya meli, nikisoma na kuuliza. Haya ninayoandika ni niliyojifunza hapo pamoja na niliyoyasoma. Wewe unayesoma hapo kafe, huenda huna gari bado, lakini baba ana pikapu, au shemeji ana Prado, au unapanda nyuma ya pikapu za watu kila siku. Kwa hiyo inakuhusu.

Kwanza tuelewane chasisi ni nini. Gari dogo la kutembelea, kwa mfano Corolla, halina chasisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Pikapu, Land Cruiser, Prado na lori ni tofauti. Chini kuna mihimili miwili mirefu ya chuma kutoka bampa hadi bampa, imeunganishwa na mihimili mifupi ya kukatiza, mfano wa ngazi iliyolazwa. Injini inakaa juu yake, springi zinashikwa nayo, bodi imewekwa juu kwa raba na bolti. Ngazi ikikatika huna gari tena, una vipande viwili vinavyofuatana.

Kwenye malori makubwa mihimili hiyo huwa wazi upande mmoja, mfano wa herufi C, kwa hiyo kutu unaiona. Kwenye pikapu na jipu nyingi mihimili imefungwa pande zote, ni bomba la pembe nne, na hapo ndipo shida inapoanza. Kiwandani wanaacha matundu ya kutolea maji. Sasa barabara zetu unazijua: tope linaingia, mchanga unaingia, matundu ya chini yanaziba. Ndani unabaki udongo wenye unyevu, umelala hapo mwaka hadi mwaka. Chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Nje unaona rangi nzuri nyeusi, ndani kimebaki kama ganda la yai. Ukiona kitobo kimoja kidogo kwa nje, ujue ndani ugonjwa ni wa siku nyingi.

Kutu yenyewe si uchawi. Chuma kikikutana na maji na hewa ya oksijeni kinarudi taratibu kwenye hali yake ya udongo. Chumvi haianzishi kutu, inaipa mbio. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Isitoshe, chumvi inavuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki sawasawa hata siku isiyo na mvua. Jambo jingine: kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula. Ndiyo maana ikiingia kati ya mabati mawili yaliyobanwa pamoja inayasukuma hadi yanavimba na kuachana. Ukiona chasisi imevimba kwenye maungio, usidhani ndivyo ilivyotengenezwa.

Sasa angalia gari la mjomba. Samaki wanalala kwenye barafu, barafu inayeyuka, maji yenye chumvi na damu ya samaki yanapita kwenye vitobo vya kasha, yanadondokea juu ya chasisi. Mahali pale pale, kila siku, miaka na miaka. Ukitaka kuozesha chuma kwa makusudi huwezi kubuni njia nzuri zaidi. Na sisi tulikuwa tunaliosha! Tatizo tulikuwa tunaosha bodi ing'ae, chini hatuendi, tena kwa maji ya kisima ambayo ukiyaonja yana chumvi. Visima vingi vya ukanda wa pwani ni vya namna hiyo. Yaani unatoa chumvi kwa chumvi.

Usifikiri ni sisi wa pwani tu. Japani, upande wa Hokkaido na kaskazini ya Honshu, wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko miaka kumi linaweza kushuka hapa bandarini likiwa limeshaanza kuoza chini wakati viti vinanukia upya. Marekani nako jambo hili liliwatokea puani Toyota wenyewe. Mwaka 2008 walitangaza kwamba Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 ambazo chasisi zake zimetobolewa na kutu watazinunua tena kutoka kwa wenyewe, kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Halafu mwaka 2016, baada ya kesi ya wateja wengi kwa pamoja, wakakubali makubaliano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4, kwa magari kama milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia ya miaka ya 2005 hadi 2010. Kubadilisha chasisi ya gari moja kulikadiriwa kuwa dola 15,000. Angalia hapo: kampuni yenye wahandisi wote wale, chasisi ikitoboka hawakusema "leta kiraka". Walibadilisha nzima au walinunua gari. Sisi hatuna wa kutununulia, ndiyo maana tunachomelea. Lakini tuchomelee tukijua tunachofanya.

Namna ya kupima ni rahisi na kila mtu anaweza. Unahitaji nyundo ndogo, bisibisi kubwa, brashi ya waya na tochi. Gari liwe juu ya shimo la gereji, au liinuliwe na liwekwe juu ya stendi au magogo mapana. Tafadhali sana, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki hazina rafiki.

Gonga chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma, polepole. Chuma kizima kinalia "ting" na nyundo inaruka. Kilichooza kinalia "tap" kama unagonga mkate mkavu, na magamba yanadondoka. Pale palipolia vibaya, sukuma kwa bisibisi kwa nguvu zako. Ikizama, umepata jibu. Usione aibu kutoboa chasisi ya mtu, kwani chuma kizima hakitoboki kwa bisibisi. Pita hasa nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye vishikio vya raba za bodi, pale springi za nyuma zinaposhikwa mbele na nyuma, mkunjo unaopanda juu ya ekseli ya nyuma, juu ya tangi la mafuta ambako tope linakaa, na kila pahala ambapo mabati mawili yamelaliana. Usisahau upande wa juu wa mhimili. Watu wanapiga tochi chini tu, na maji yanadondokea juu. Sisi ufa wetu ulianzia juu!

Kuna kutu ya aina tatu kwa lugha ya kijiweni. Ya kwanza ni ya usoni, nyekundu, ukipiga brashi unakuta chuma kimelala salama. Hiyo haihitaji mchomeleaji, safisha na upake. Ya pili ni ya magamba, inabanduka vipande kama ganda la mti. Hapo chuma kimepungua, na inabidi ujue kimebaki unene gani. Chasisi nyingi za pikapu na jipu ndogo zina unene wa kama milimita 2 hadi 4, kwa hiyo ukipoteza milimita moja si jambo dogo, ni robo hadi nusu ya nguvu imeondoka. Ya tatu ni kutoboka. Hapo ni kukata na kuweka kingine, hakuna dawa ya kupaka.

Sasa kabla hujamwita fundi, amua kwanza kama gari linastahili. Hapa mzee wangu ana msimamo na mimi nakubaliana naye: kama kuoza ni sehemu moja au mbili, na pande zote mbili za tundu kuna chuma kizima cha kushikia, tengeneza. Kama mhimili umeoza mita nzima, au pale boksi la usukani linapofungwa pameoza, au mihimili yote miwili imekufa sehemu ile ile, tafuta chasisi nyingine. Kuchomelea kunahitaji chuma kizima cha kushika. Huwezi kushona kitambaa kilichooza, uzi utabaki na kitambaa kitaachia.

Na ukiamua kubadilisha chasisi nzima, kumbuka ile namba. Kwenye Toyota nyingi za aina hii namba ya chasisi imegongwa kwenye mhimili wa kulia mbele, karibu na gurudumu, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiweka chasisi ya gari jingine una namba ya gari jingine, na bila kufuata taratibu za TRA na polisi, siku ya ukaguzi utaonekana mwizi na Hilux yako mwenyewe. Vilevile usimruhusu fundi akate, asage au achomelee karibu na hapo. Ukiona kutu kwenye namba, brashi laini na mafuta, basi.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Kwanza niseme kwa nini kiraka cha kwanza kilituua.

Lile bamba lilikuwa nene mara mbili ya chasisi. Mtu anadhani nene ndiyo imara. Chasisi inatakiwa inyumbuke kidogo kila gari linapopita shimo. Ukiweka mahali pamoja kitu kigumu kisichonyumbuka, kunyumbuka kote kunahamia pembeni yake, mstari ule ule, mara elfu na elfu. Chukua waya uukunje huku na huku mahali pamoja uone. La pili, mchomeo ulishuka wima kutoka juu hadi chini ya mhimili, na moto wa kuchomelea unabadilisha chuma kilicho pembeni ya mshono. Kwa hiyo fundi alichora mstari wa kukatia, na chasisi ikautii. La tatu, kutu ilikuwa bado imo ndani, kati ya bamba na chasisi, na maji yakaingia yakakaa humo kwa raha zao.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupakua. Toa betri nje kabisa, siyo kulegeza waya mmoja. Chomoa altaneta, na kama gari ni la kisasa lenye kompyuta, chomoa soketi zake, umeme wa kuchomelea unaua vitu hivyo kimyakimya. Waya wa ethi wa mashine ubanwe karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichosafishwa, umeme usije ukapita kwenye beringi za gurudumu. Toa tangi la mafuta. Wengine wanasema "tangi ni tupu, halina shida." Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Dizeli ina nafuu lakini nayo itoe. Paipu za breki na nyaya zinazopita kwenye mhimili zisogezwe mbali, na kama paipu zimeshakula kutu zibadilishe hapo hapo, hutapata nafasi nzuri kama hiyo tena. Ndoo ya mchanga na maji iwe karibu, na mtu wa kuangalia moto. Fundi akiwa ndani ya miwani yake haoni zulia la gari linaloungua juu.

Halafu gari likae sawa. Sakafu iwe tambarare, magogo au stendi mbele na nyuma ya sehemu itakayokatwa, pande zote mbili, mzigo usiwe kwenye kidonda. Sisi tulitumia timazi, ile ya mwashi. Unaning'iniza kutoka kwenye tundu la bolti la kushoto, unaweka alama ya chaki sakafuni, unafanya hivyo upande wa kulia, mbele na nyuma, halafu unapima kamba za kukatiza kona kwa kona. Kamba mbili zikilingana, chasisi imenyooka. Zisipolingana, usichomelee! Ukichomelea chasisi iliyopinda, umeipa upindaji wa kudumu, gari litatembea upandeupande kama kaa na litakula matairi. Ya mjomba ilitofautiana kwa sentimita mbili na nusu. Kuirudisha kwa jeki na mnyororo kulitumia siku nzima, kuchomelea kwenyewe nusu siku.

Baada ya hapo ni kusafisha na kukata. Gonga magamba yote, piga brashi ya waya ya mashine, fungua matundu na utoe udongo wa ndani kwa maji safi ya bomba na waya mrefu. Sisi tulitoa karibu ndoo nzima ya tope, na magamba ya samaki ndani yake. Kata sehemu iliyooza hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa na chenye unene wake. Hapa ndipo fundi maiko na fundi wa kweli wanapoachana. Fundi maiko anataka tundu liwe dogo ili kiraka kiwe kidogo. Wa kweli analifuata hadi kwenye uzima, hata likiwa kubwa la kutisha. Kona za tundu ziwe za duara, manake kona ya pembe kali ndiyo nyumba ya ufa.

Kipande kipya kiwe cha chuma laini cha kawaida, unene sawa na wa chasisi yenyewe, usizidishe. Kwanza unaziba tundu kwa kipande kinacholingana nalo, ukingo kwa ukingo. Kisha ukitaka nguvu zaidi unaweka bamba la juu ambalo ncha zake zimechongwa kama mdomo wa samaki au kama almasi, siyo mraba, ili mshono ushuke kwa mshazari na nguvu ihame taratibu kutoka palipoimarishwa kwenda pasipoimarishwa. Ongeza matundu ya duara kwenye bamba na uyajaze mchomeo, linashikana katikati pia. Usiweke mshono kwenye ukingo wa juu kabisa na wa chini kabisa wa mhimili kama unaweza kuepuka, huko ndiko kunakovutwa na kubanwa zaidi. Malori makubwa ni somo jingine: baadhi ya chasisi zake zimepikwa kiwandani kuongezwa ugumu, moto wa kuchomelea unauondoa ugumu huo, na watengenezaji wanakataza. Fundi akikwambia "chuma ni chuma tu", mshukuru uondoke.

Na usitumie bati la mabomba ya maji au chochote kilichopakwa zinki bila kuisaga zinki yote. Moshi wake mweupe unamletea fundi homa na kutetemeka usiku. Mafundi wengi wanakunywa maziwa wakiamini yanazuia, lakini maziwa yanakwenda tumboni na moshi unakwenda kwenye mapafu. Dawa ni hewa na kutouvuta.

Vijiti vya kuchomelea vina namba na namba hizo zina maana. 6013 ndiyo ya kila duka, ni rahisi, inafaa kwa chuma chembamba. 7018 inatoa mshono wenye nguvu na usiopasuka haraka, lakini inataka mashine nzuri na vijiti vikavu. Hewa ya pwani inavilowesha, na kijiti kilicholowa kinaacha mshono wenye vitobo kama mkate wa mofa. Kama fundi ana mashine ya waya, nzuri zaidi kwa chuma cha milimita 3. Chochote atakachotumia, achomelee kidogo kidogo, sentimita mbili au tatu, ahame upande wa pili, arudi. Akiunguza mstari mzima kwa mkupuo mmoja chuma kinajikunja. Na mshono upoe wenyewe. Ukiona anamwagia maji ili awahi, mzuie, kwa kuwa unapopoozwa ghafla unakakamaa na kupasuka.

Swali ambalo najua mtauliza: puti je? Puti ni ya urembo wa bodi. Kwenye chasisi ni ulaghai, sina lugha nyingine. Ukinunua gari la mkononi, pita na sumaku chini yake. Mahali ambapo sumaku haishiki pana puti, na penye puti pana tundu.

Ukimaliza kuchomelea kazi iko nusu. Ule moto umeunguza kila kinga iliyokuwepo ndani ya mhimili, na chuma kilichounguzwa kinashika kutu haraka kuliko kingine. Gonga maganda ya mchomeo, osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, na upake siku hiyo hiyo. Chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta maji kupitia rangi, na baada ya miezi michache unaona malengelenge. Pale ambapo kutu ya usoni haikutoka yote kuna dawa za kugeuza kutu zenye asidi ya fosforasi au tanini. Tanini ni ile ile ya magome ya miwati ya kule Njombe, na ya mikoko pia. Inakutana na kutu inakuwa nyeusi na kutulia. (Soda nyeusi nayo ina asidi ya fosforasi, lakini kidogo mno, we kunywa tu.) Dawa hizo zinageuza kutu, hazirudishi chuma kilichoondoka. Kisha rangi ya kwanza. Ile nyekundu ya oksidi imezoeleka, ila peke yake inapitisha unyevu, lazima juu yake pawe na rangi nyingine. Ya epoksi ya kuchanganya makopo mawili ni ghali lakini inashika kwelikweli.

Ndani ya mhimili huwezi kupaka kwa brashi. Unapuliza nta maalumu au grisi laini iliyoyeyushwa, kwa mpira mrefu kupitia yale matundu, hadi uione inadondoka chini. Na matundu uyaache wazi! Kuna watu wanayaziba eti maji yasiingie. Yataingia tu, na safari hii hayatatoka.

Oili chafu je? Najua kila mtu anapulizia oili chafu. Inasaidia kidogo, siwezi kukataa, inafukuza maji. Lakini ina asidi na uchafu wa injini, inaozesha bushi na raba, inadondoka kwenye udongo na visima, si nzuri kwenye ngozi yako, na siku fundi atakaporudi na moto hapo chini itawaka. Tena ukishapulizia, rangi haitashika hapo kamwe.

Kwa wale mnaoperuzi magari ya Japani hapo kafe: omba karatasi ya mnada na usome ule mchoro wa gari. Herufi S ni kutu, C ni kuoza, na namba inayofuata inaonyesha ukubwa wa tatizo. A ni mkwaruzo na U ni kubonyea, hizo zisikukoseshe usingizi. Omba pia picha ya chini ya gari, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Muuzaji mwenye picha 30 za viti na redio, na hata moja ya chini hana, amekujibu tayari.

Hilux ya mjomba imerudi barabarani, kebini na kasha vimenyooka. Kilichobadilika ni huko nyuma. Chini ya matenga tumeweka sinia la plastiki lenye kingo, limeinamishwa, na mpira wa bustani unaotoa maji ya barafu moja kwa moja nyuma ya bampa bila kugusa chasisi. Kila jioni chini panapigwa maji ya bomba dakika kumi, na kila mwezi mdogo wangu anaingia na nyundo yake anagonga. Kukaa juu ya matenga, mjomba amepiga marufuku. Wapakiaji wanalalamika nauli ya daladala, na hilo bado linajadiliwa.

Mwenye swali au fundi mwenye njia nyingine aandike hapo chini, nitamsomea mzee kijiweni nirudi na jibu.